Mwanamke wa Upande wa Kulia

Kichwa cha cherehani kilikuwa tayari kwenye kiti cha nyuma cha teksi, kimevikwa shuka na kukazwa kamba, na ndiyo maana majirani wawili walikuwa wamesimama madirishani bila hata kujifanya wanapunga upepo. Mke akitoka na begi, huenda anakwenda kusalimia. Mke akitoka na cherehani, huyo anahama.

"Dada, hii meza yake haiingii," alisema dereva, jasho likimtiririka. "Nimeilaza, nimeisimamisha, nimeibembeleza. Buti limekataa."

"Iache."

"Sasa kichwa bila meza, utashonea magotini?"

"Kaka, nimekukodi uendeshe gari."

"Haya. Nilikuwa nasaidia tu."

Mtaa mzima ulimwita Uzi. Jina hilo alilipata kwa baba yake tangu utotoni, kwa wembamba, na ilipotokea kwamba amekuwa fundi wa kushona mapazia, likamkaa kama limepimwa kwa futi. Asubuhi hiyo alikuwa amejitanda mtandio mzito kuanzia utosini hadi chini ya macho. Wiki ya tatu sasa hauvui. Kila aliyeuliza alijibiwa jibu moja: jino.

Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, akimenya vitunguu saumu. Alikuja kwa wiki mbili. Huu ulikuwa mwezi wa tano.

"Jino hilo," alisema bila kuinua macho, "linataka na cherehani?"

"Nakwenda kwa shangazi, mama. Nikapumzike kidogo."

"Nenda, mwanangu. Mimi nani nikuzuie? Mume wako nitampikia. Kwani kabla yako alikuwa anakula mawe?"

Aliyasema kwa sauti tamu, ile sauti ambayo huwezi kuikasirikia mbele za watu. Ndiyo sauti aliyoitumia miaka saba iliyopita, siku mwanawe alipompeleka Uzi nyumbani. Alimtazama binti wa watu kutoka kichwani hadi miguuni, akarudi usoni, akaona mashavu yalivyobonyea, akamgeukia mwanawe aliyekuwa ndiyo kwanza anafungua studio yake mwenyewe ya picha. "Baba," alisema, "wewe mpiga picha mzima, umeniletea fremu tupu?" Ukumbi ulicheka. Uzi naye alicheka. Kicheko kile hakikuwahi kumtoka kooni.

Fremu tupu angeizoea, maana maneno ya mkwe ni kama mvua ya mawe, unaingia ndani unangoja ipite. Kilichomvunja ni picha.

Miezi miwili nyuma alimpelekea mumewe chai studioni, pale pale mbele ya nyumba, akamkuta ameinamia kompyuta, pua karibu iguse kioo. Kwenye kioo kile kulikuwa na uso wa mwanamke, mkubwa kama sinia. Mashavu yamejaa, yanameremeta. Chini ya macho hakuna kivuli. Mdomo mnene, kama wa mtu aliyetoka kuamka. Na mumewe alikuwa akilitazama shavu lile kwa utulivu ambao Uzi hakuwa amepewa siku nyingi. Kikombe kikagonga kisosi. Mpiga picha akashtuka, akabonyeza, uso ukatoweka.

"Nani huyo?"

"Nani? Ah. Kazi tu."

Kazi tu! Uzi alimjua yule mwanamke. Alimbeba mgongoni akiwa mchanga. Alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa kwao. Baba aliwaita kwa zamu: huyu Uzi, huyu Mashavu. Watu walisema mabinti wale ni sura moja, ila mmoja ameshiba na mwingine ana njaa. Na Mashavu hakuwa adimu pale. Alikuja kupigwa picha za kazi, akaja kuzichukua, akaja kusema moja haikutoka vizuri. Na akija, shemeji yake alicheka. Kucheka gani kule? Uzi alikaa nyuma ya ukuta wa studio, mguu kwenye kanyagio la cherehani, akahesabu vicheko badala ya mishono, na pazia la mteja likatoka limepinda upindo mzima.

Wivu wa mtu wa nje una mahali pa kuutupa. Wa ndugu yako unautupa wapi? Ukimchukia unajichukia, na bado unampigia simu kumuuliza kama amekula.

Akangoja mumewe atoke, akafungua kompyuta, akaupata uso ule, akauchapa kwa mashine ya pale pale. Akaukunja, akauweka kwenye mkoba wa futi na chaki.

Kulikuwa na saluni aliyokuwa akiishonea mapazia, na kwenye chumba cha nyuma, nyuma ya pazia alilolishona yeye mwenyewe, mwanamke mmoja alikuwa akijaza watu nyuso kwa sindano. Walimwita Dokta Urembo. Udokta aliupata wapi hakuna aliyeuliza, kwa kuwa alivaa koti jeupe na alikuwa na ngozi kama yai lililomenywa. Jumanne moja Uzi alikwenda kupima mabomba ya mapazia, akamaliza, akabaki amesimama.

"Nifanye kama huyu," alisema, akakunjua karatasi.

Dokta Urembo alitazama karatasi, akamtazama yeye. "Mbona mnafanana?"

"Ndugu yangu."

"Basi kazi nyepesi. Tunajaza tu palipopungua."

Alichoma mashavu, akachoma chini ya macho, akachoma mdomo. Dawa ya mashavu ilitoka kwenye boksi. Ya mdomo ilitoka kwenye kichupa kisicho na karatasi. Jioni Uzi alijitazama kwenye kioo cha bafuni, amevimba kama aliyepigana na nyuki. Aliambiwa itashuka. Ikashuka kweli, na iliposhuka ndipo mabonge yakaonekana: moja shavu la kushoto, gumu kama kokwa, jingine chini ya jicho, linateleza ukiligusa, na mdomo wa juu umeinuka upande mmoja kama mtu anayetaka kutukana akasita. Jumanne ya pili akarudi, yakakandwa kwa vidole mpaka machozi yakamtoka. Jumanne ya tatu akaongezwa dawa upande wa kulia, "ili vilingane". Baada ya hapo shavu likawa jekundu, likawa na moto, na Dokta Urembo akaacha kupokea simu.

Kwa hiyo asubuhi hii ilikuwa hivi: ama Uzi aondoke kabla mumewe hajauona uso ule, ama abaki mume auone, na hapo atakuwa amemkabidhi Mashavu ndoa yake kwa mikono miwili. Alichagua kuondoka. Mumewe alikuwa ametoka alfajiri kwenda kupiga picha za vitambulisho kwenye shule moja ya mbali. Angerudi jioni.

"Twende," alimwambia dereva, akaketi kando ya cherehani.

"Twende sana," alisema dereva, akaingia, akawasha gari, halafu akaegemea usukani. "Ila kuna bwana amesimama mbele ya gari na kamera."

Mpiga picha alikuwa amesimama katikati ya njia, kamera kifuani, vumbi hadi magotini. Alitazama teksi. Akatazama lile furushi la shuka kwenye kiti cha nyuma, akalitambua.

"Nimesahau betri," alisema, kana kwamba yeye ndiye wa kuomba radhi. "Ningekumbuka betri, ningerudi jioni nikute nini?"

"Nimemwachia mama maagizo."

"Mke wangu ananiaga kupitia kwa mama?"

"Nilikuwa naumwa. Sikutaka kelele."

"Shuka."

"Sishuki."

"Dereva, zima gari."

"Mimi nimekodiwa na dada, bwana," alisema dereva. Lakini akazima.

Mpiga picha akaja dirishani. Alikuwa mtu mpole, wa kusema chini chini, mtu wa kuwaambia watoto *tazama hapa, usicheke*. Sasa aligonga paa la gari kwa kiganja.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mwanaume wako wa Jumanne."

Uzi alimkodolea macho juu ya mtandio.

"Wiki ya kwanza nilisema jino," alisema mpiga picha. "Ya pili nikasema jino. Jino gani linatibiwa kila Jumanne, limejipaka poda na manukato? Unalala umeelekea ukutani. Taa ikizimwa ndiyo unafungua mtandio. Hunitazami. Nimekaa na nyuso za watu miaka kumi na tano mimi, najua mtu anapoficha kitu."

"Umekuwa ukinichunguza."

"Nimekuwa nikikunusa! Ndiyo nilipofika, mke wangu. Nanusa mtandio wako kama mbwa."

"Basi nenda kanuse wa mwenzangu!" Mlango wa teksi ulifunguka, Uzi akawa yuko nje. "Wewe wa kuniuliza mimi? Muulize Mashavu!"

"Mashavu kafanyaje?"

"Usilitaje jina lake hivyo."

"Nimelitajaje?"

"Polepole."

Mama mkwe aliacha kumenya. Dirisha la pili likafunguliwa zaidi.

"Niliiona picha yake," alisema Uzi. "Uso mzima kwenye kompyuta yako. Ulikuwa unalitazama shavu lake kama unataka kuliuma. Nikaingia, ukafunga. Kama ingekuwa kazi ungefunga?"

Mpiga picha alishusha macho kwenye kamera. Kitu kilimpita usoni, na Uzi alikiona: haya. Hadi dakika ile alikuwa bado anatumaini.

"Njoo ndani," alisema mumewe.

"Sema hapa hapa."

"Haisemeki. Inaonyeshwa."

Studio ilikuwa chumba kimoja cha mbele, shuka jeupe ukutani, stuli moja, taa mbili za miguu mirefu. Mpiga picha aliwasha kompyuta bila kukaa. Ule uso ukaja.

"Huyu?"

"Huyo."

"Tazama vizuri."

"Nimemtazama miezi miwili. Hata nikifumba macho namwona."

Mumewe alibonyeza mara moja. Wekundu wa midomo ukapungua, mdomo ukawa mwembamba. Akabonyeza tena, kivuli kikarudi chini ya macho. Kila alichokuwa amekiongeza alikuwa amekitandaza kwenye tabaka lake, kama mashuka juu ya kitanda, na sasa alikuwa akiyavuta moja moja. Shavu la kushoto likabonyea. La kulia likabonyea. Aliyebaki kwenye kioo alikuwa mwanamke mwembamba mwenye macho ya kuchoka, akitazama taa.

"Siku nilipojaribu taa mpya," alisema mpiga picha. "Nilikwambia kaa dakika moja. Ulikuwa na sufuria jikoni, ukanigombeza."

"Huyo..." Uzi alikisogelea kioo. "Mbona sikujijua?"

"Hakuna anayejijua. Wewe unamjua wa kwenye kioo, na wa kwenye kioo amegeuzwa. Kila siku watu wanakuja hapa wananiambia nimewapa picha ya mtu mwingine."

Ilikuwa saa ya Uzi kushusha pumzi. Alingoja furaha ije. Mashavu hana kosa, mume hana kosa. Lakini kilichokuja kilikuwa na meno.

"Ulinijaza kwa nini?"

Mpiga picha alikuna shingo.

"Nakuuliza. Huyu mwingine ulimtengeneza kwa nini?"

"Wateja walikuwa wanaulizia kusafishwa picha. Nikataka bango la mlangoni. Kushoto kabla, kulia baada."

"Na mimi ndiye kabla."

"Ulikuwa karibu! Mkono umezoea, Uzi. Nikiona kivuli nakifuta, nikiona shimo nalijaza. Sikufikiri. Nilipomaliza ndipo nikatazama, nikaona nimemfukuza mke wangu nikaweka mgeni. Siku ile uliponikuta nilikuwa nakutafuta ulikopotelea. Nikaona aibu, nikafunga."

"Ungekuwa na Mashavu," alisema Uzi polepole, "ningejua la kufanya. Ningemvuta nywele, ningekutupia nguo nje, ningelia, ningepona. Sasa huyu nimshike wapi? Mwanamke hayupo, na ndiye aliyekufanya uache chai ipoe."

"Nimekwambia simtaki."

"Mimi nilimtaka!" Na akaushika mtandio, akauvuta wote mara moja, kama mtu anayebandua plasta. "Nilimchapa, nikampeleka nikachomwe sindano nifanane naye. Haya, piga picha. Bango lako limetimia. Hii ndiyo baada."

Alisimama katikati ya zile taa mbili, akamtazama mumewe machoni. Alikuwa amejiapiza: nikiona amerudi nyuma hata hatua moja, naondoka na sirudi.

Mpiga picha alitazama shavu jekundu lenye kokwa. Akatazama bonge la chini ya jicho. Akatazama mdomo. Hakurudi nyuma. Alifungua kinywa, na kilichomtoka kilikuwa kicheko.

Uzi alimzaba kofi ambalo hata dereva nje alilisikia.

"Unanicheka?"

"Hapana! Hapana, wallahi." Alikuwa ameshika shavu lake, anacheka na machozi yanamtoka. "Jumanne. Jumanne ulikuwa kwenye sindano. Hakuna mwanaume."

"Mwanaume atoke wapi, na uso huu?"

"Wiki tatu nimemchagulia sura yule mtu. Nimempa ndevu. Nimempa gari. Kuna siku nilimfuata mwuza magodoro mpaka kwake kwa sababu alikusalimia vizuri. Na hakuna mtu! Nashukuru, Mungu wangu, nashukuru."

"Unashukuru nimeharibika."

"Nashukuru wewe ni wangu. Kuharibika..." Kicheko kilikatika. Alisogea, akainama, akatazama karibu, kwa ule utulivu ambao Uzi aliuonea wivu kwenye kioo cha kompyuta. Sasa ulikuwa juu yake, na haukuwa mtamu kama alivyodhani. Uliuma. Alitamani kujifunika. "Linauma?"

"Usiguse."

"Siligusi. Lina moto, nauhisi hapa nilipo. Tangu lini?"

"Juzi."

"Walikuchoma dawa gani?"

"Moja ilikuwa na boksi. Nyingine kichupa tu, hakijaandikwa kitu."

Kivuli kilitua mlangoni. Mama mkwe alikuwa amesimama, kisu kidogo bado mkononi, na harufu ya vitunguu saumu ikaingia naye. Aliuona ule uso uko wazi. Mkono ukamwenda mdomoni.

"Nani kakufanyia haya, mwanangu?"

Uzi alimgeukia. Kwa mara ya kwanza ndani ya miaka saba hakutafuta maneno ya adabu. "Nimejaza fremu, mama."

Bibi yule aliweka kisu chini. Kisha akaokota mtandio sakafuni, akaukung'uta, akaushika tu, asijue ampe nani.

"Atapelekwa hospitali," alisema mpiga picha. "Sasa hivi."

"Nakwenda kwa shangazi," alisema Uzi.

"Uzi."

"Nakwenda. Hospitali nitapita, sitaki kufa. Lakini hapa silali. Kila nikipita mlangoni nitajiona niko upande wa kushoto."

Nje dereva alipiga honi mara moja, ya adabu.

"Nenda," alisema mumewe. "Ila na mimi napanda. Nitakufikisha hospitali, nitakufikisha kwa shangazi, halafu nitarudi peke yangu."

"Sitaki unitazame njia nzima."

"Nitakaa mbele na dereva. Nitatazama barabara."

Uzi alifikiri. "Na huko shuleni watoto wanakungoja."

"Wacha wacheze."

Alichukua mtandio mikononi mwa mama mkwe. Hakujitanda. Aliutupia begani, akatoka mlangoni uso wazi, akapita mbele ya madirisha mawili, na majirani wote wawili wakakumbuka kwamba wana vitu jikoni. Mumewe alikaa mbele kama alivyoahidi. Njia nzima hakugeuka hata mara moja, na dereva ndiye aliyekuwa akichungulia kwenye kioo, mpaka mpiga picha alipomwambia, kwa ile sauti yake ya chini, "Kaka, tazama unakokwenda."

Hospitalini walimlaza siku nne kwa dawa za kukausha usaha. Daktari wa ngozi alimfanyia vipimo, akakuta dawa mbili tofauti ndani ya uso mmoja. Ile ya mashavu na chini ya macho ilikuwa ya aina inayoyeyushwa. Aliiyeyusha kwa sindano nyingine, mara tatu, na mabonge yakaisha. Ya mdomoni haikuyeyuka. Alikata kwa ndani akatoa alichoweza, na kingine kimebaki, kigumu, kidogo kama dengu.

Dokta Urembo alihama saluni wiki hiyo hiyo. Wanawake wengine wawili walimshtaki, Uzi akatoa ushahidi, na chumba cha nyuma siku hizi ni stoo ya taulo.

Mashavu alipoambiwa alichodhaniwa, alicheka kwanza. Kisha akanuna mwaka mzima. Sasa wanaongea, ila studioni haingii kama dada yake hayupo.

Mama mkwe alirudi kwake miezi miwili baadaye. Hakuomba radhi. Alianza kumwita Uzi kwa jina lake la kuzaliwa.

Mpiga picha bado anasafisha picha za watu, kwa kuwa ndiyo kazi, lakini huuliza kwanza. Alikwenda kwa shangazi kila Jumamosi kwa miezi sita, akikaa ukumbini kama mchumba na kuondoka kabla ya chakula. Mwezi wa saba Uzi alirudi.

Wivu haukuwaisha. Mwaka jana waligombana siku mbili nzima kwa sababu ya daktari wa ngozi, ambaye ni kijana, hana mke, na kila akimpima Uzi humshika kidevu kwa vidole viwili.